Tutafikia kwa Nani Bangkok?

Mimi ni mtu wa kupanga. Ndiyo kazi inayonilisha. Katika ofisi moja juu ya duka la vitambaa hapa Barking, London, ninapanga zamu za walezi wanaokwenda majumbani kwa wazee: nani aende kwa bibi wa ghorofa ya tisa asiyependa kuguswa nywele, nani aende kwa bwana anayetaka chai yake kabla ya dawa wala si baada, na basi likikwama nani ashike nafasi ya nani. Wenzangu hunitania kwamba hata siku ya kiyama nitapanga foleni. Siwabishii. Nikipanga jambo, limepangika.

Kwa hiyo nilipoamua kumpeleka mama yangu Thailand, sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Mama ana miaka sabini na sita. Tunaishi pamoja, yeye, mimi na binti yangu anayesoma chuo kikuu. Kwa miaka yote tuliyokaa Uingereza safari zetu zimekuwa za aina moja tu, kwenda Unguja, na Unguja haendi mtu kupumzika. Unakwenda kuzika, kuoza, kuuguza, kula nyumba hii mchana na nyumba ile usiku ili asiwepo wa kununa. Unarudi London umechoka kuliko ulivyoondoka, na likizo ya mwaka imekwisha. Sijapata hata siku moja kukaa na mama yangu mbele ya bahari bila mtu kuja kutuita. Na sasa goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumgomea. Ngazi za kituo cha treni alizipanda kama mtu anayebishana nazo. Nikaona wazi kuwa miaka yake ya kutembea imebaki michache, na nikaitaka safari ile kwa hamu ambayo sikumwambia mtu.

Siku kumi na mbili. Sisi watatu, bila shughuli ya mtu yeyote.

Nilichukua karatasi kubwa nikaibandika jikoni, ubavuni mwa friji. Bangkok siku nne, kwa ajili ya mto, masoko na mahekalu. Chiang Mai siku tatu, kwa ajili ya milima, na kwa ajili ya mtaa wa Waislamu wenye asili ya Uchina wanaopika tambi kwa mchuzi wa nazi. Krabi siku tano, kwa ajili ya pwani, kwa sababu kule kusini misikiti ni mingi na chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi. Nikachora safu: tarehe, mji, hoteli, ndege, chakula cha mchana, chakula cha usiku, ngazi ngapi, choo kiko wapi. Ngazi na vyoo niliviandika kwa wino mwekundu. Anayedhani hilo ni jambo dogo hajasafiri na mzee.

Mama alikuwa akipita mbele ya karatasi ile kila asubuhi na kikombe chake cha chai, na hapiti kimya. Kuhusu mahekalu alisema ataingia uani atazame, kutazama si kuabudu. Nilipomsomea kwamba wageni wanatakiwa wafunike mabega na magoti, alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Hayo ndo ya kutwambia sie?"

Nilipomwonyesha picha ya wali wa kunata uliopikwa kwa tui, na vipande vya embe pembeni, aliishika simu yangu akaisogeza karibu na miwani.

"Wali wa nazi kwa embe," alisema. "Hao watu wana akili."

Nilipomwambia kuwa kule doriani na shokishoki, matunda ya kwetu Unguja, zinauzwa barabarani, alivuta kiti akakaa kabisa. London doriani huiona mara moja moja, imegandishwa ndani ya plastiki, haina hata harufu ya kumkera jirani.

"Doriani ya mtini?"

"Ya mtini, mama. Ila hotelini hawaruhusu kuingia nayo."

"Basi tutaila nje, kama wezi."

Sasa mtu akisikia maneno hayo, si ataamini kwamba mambo yameiva? Mimi niliamini.

Mara ya kwanza aliyoniuliza nilikuwa nakaanga sambusa.

"Hivyo huko Bangkok, tutafikia kwa nani?"

"Hotelini, mama. Ile yenye lifti."

"Hoteli nishaisikia. Nauliza kwa nani."

"Si kwa mtu. Ndo raha yenyewe."

Akachukua sambusa moja, akaipuliza, akaondoka nayo. Wiki iliyofuata aliniuliza kuhusu Chiang Mai. Halafu Krabi. Kila mara nilimpa jibu lile lile, na mara ya nne hakuuliza tena. Nikakihesabu kimya chake kuwa ni ridhaa. Mimi, ambaye kazini nikisikia mzee fulani siku hizi kanyamaza, hushika simu papo hapo kuuliza kuna nini.

Hapa inabidi nieleze kitu kuhusu sisi. Watu wa kwetu hapa London, msafiri huficha tarehe yake. Ukisema unaondoka Jumatano, basi Jumanne kengele ya mlango haipumziki: huyu kaleta dawa za presha za shangazi yake, yule viatu vya shule, mwingine bahasha "nyepesi tu" yenye uzito wa tofali. Nimeona watu wazima wenye heshima zao wakituma salamu za kwaheri wakiwa wameshafika. Kwa hiyo nilikuwa nimemwomba mama mapema asitangaze safari yetu, na alinikubalia.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye hitima, nyumbani kwa jamaa mmoja mtaa wa pili. Rafiki yangu alinivuta kando, karibu na sufuria la pilau.

"Shoga, mama'ko ana nini? Anaulizia mzigo."

"Anaulizia nini?"

"Mzigo! Anamuuliza kila mtu kama ana mtu wake Thailand, ampelekee kitu. Mie umri wangu wote nakimbia mizigo ya watu, sijapata kumwona mtu anauomba."

Tulicheka, mimi na yeye, mpaka tukatolewa macho na wakubwa. Nilidhani ni ukarimu wa mama usiojua kustaafu. Usiku ule nilimweleza, kwa ile sauti ninayoitumia kwa walezi wapya, kwamba ndege za ndani hazitaki mabegi mazito na asikubali kitu cha mtu.

"Hakuna aliyenipa," alisema. Na ilikuwa kweli.

Wiki moja kabla ya kuondoka, Jumapili asubuhi, nilifanya ukaguzi. Nilikuwa nimeamua kwamba kila mmoja wetu atabeba begi moja la mkononi lisilozidi kilo saba, ili tusiwe watumwa wa mizigo katika miji mitatu. Binti yangu aliweka mizani ya bafuni sakafuni, chumbani kwa bibi yake. La kwake lilikuwa kilo sita. La kwangu sita na nusu. La mama kumi na moja.

Nikalifungua. Chini ya madira yake kulikuwa na kifurushi kimefungwa kwa khanga mpya na kushonwa pembeni kwa uzi mweusi, vile vifurushi vya kwetu vinavyoshonwa ili visifunguliwe njiani. Juu yake kulibandikwa kipande cha plasta nyeupe, mahali pa kuandika jina la mwenyewe. Hakikuandikwa kitu.

"Cha nani hiki?"

"Changu."

"Kina nini?"

"Halua, boksi mbili. Visheti. Ubani, kahawa kidogo, na doti ya khanga."

"Unampelekea nani?"

"Atakayetupokea."

Hapo nilikasirika, na sitaki kujisafisha. Nilipandisha sauti mbele ya mama yangu mzazi. Nilisema hakuna atakayetupokea, nimeshasema mara ngapi, hakuna shangazi wala binamu wala mtu wa kupelekewa halua, na ndiyo maana nikachagua nchi ile. Nilisema maisha yangu yote nimebeba masanduku ya watu, na mara moja tu nilitaka tubebe nguo zetu wenyewe.

"Mum," binti yangu alisema. "Stop. Look at her."

Nikamtazama. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kifurushi mapajani, mikono yote miwili juu yake. Hakuwa amekasirika. Heri angekasirika.

"Nendeni nyie wawili," alisema. "Mtanionyesha bahari kwenye simu. Mie ntakaa."

"Mama, kwa sababu ya kifurushi?"

"Si kifurushi. Unaikumbuka siku tuliyokuja hapa?"

Naikumbuka vizuri sana. Nilikuwa na miaka sita, na mpaka asubuhi ile ya mizani niliihesabu kuwa moja ya siku nzuri za utoto wangu. Uwanja wa ndege ulikuwa na ngazi zinazotembea zenyewe, nikapanda na kushuka mpaka mtu akanikataza. Sakafu iling'aa hata nikajiona. Nilipewa chokoleti na mama mmoja mfagiaji, aliyevaa sari chini ya koti la kazi, na yeye ndiye aliyetupeleka kwake Kenton, kwenye nyumba yenye zulia jekundu na harufu ya bizari, tukakaa wiki mbili. Tulimwita Masi, mama mdogo kwa Kigujarati. Kwa kuwa hakula nyama, kila Idi tulimpelekea halua na visheti, mwaka baada ya mwaka, hadi alipofariki. Siku zote nilijua kwamba Masi alikuja uwanjani kutupokea.

"Hakuja kutupokea," mama alisema. "Alikuwa kazini, anasugua sakafu."

Aliyekuwa atupokee ni binamu yake mama. Baba yangu alikuwa amebaki nyuma, alikuja mwaka mmoja baadaye, na huyo binamu ndiye mtu pekee tuliyemjua Uingereza nzima. Barua ya mama ya kumwambia tunakuja ilimfikia siku tisa baada ya sisi kufika.

"Tulitoka kwenye ule mlango asubuhi," mama alisema. "Unaujua ule mlango. Unafunguka, na watu wote waliosimama pale wanakutazama usoni, nyuso zao furaha tupu. Halafu wanaona kumbe si wewe. Wanatazama nyuma yako. Wote. Nikakushika mkono nikapita katikati yao, nikafika mwisho, hakuna mtu. Nikarudi, nikasimama tena, labda nimempita. Mpaka jioni. Wewe unacheza na ngazi, na mie sijui hata nimuulize nani choo kiko wapi."

Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na nilijua kuwa anafahamu kila neno.

Jioni ile nilianza kulia njaa, na mama akawa ananibembeleza. Mfagiaji akasikia Kiswahili, akageuka. Alikuwa amezaliwa Kampala, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, cha kuuzia sukari na mafuta ya taa. Akaegemea fagio lake akauliza, "Nyinyi nafikia kwa nani?" Mama akamjibu kwamba hajui. Masi akatazama saa ya ukutani, akasema, "Haya, mimi natoka saa moja. Nafikia kwangu."

"Niliapa siku ile," mama alisema. "Sishuki tena mahali pasipo na mtu wa kuniambia karibu. Na sijashuka, miaka yote hii. Siogopi ndege. Siogopi masanamu yao wala goti. Naogopa ule mlango. Ndo nikatafuta japo mzigo, maana mwenye mzigo wa watu hungojwa. Hata kama hawakutaki wewe, watautaka mzigo wao. Sikuupata. Nikafunga wangu."

Nilitoka nikaenda jikoni. Nikasimama mbele ya karatasi yangu.

Kazini nina kanuni moja ambayo sijapata kuivunja. Mzee anayetoka hospitali harudishwi nyumbani mpaka niwe na jina la mtu atakayemfungulia mlango. Simtaki jirani atakayepita baadaye, wala ufunguo chini ya chungu cha maua. Nataka mtu, ndani, taa imewashwa. Fomu yangu ina nafasi ya jina lake, na isipojazwa siisaini, apige simu mkubwa gani. Na karatasi ile, iliyojua idadi ya ngazi za kila hekalu, haikuwa na nafasi hiyo. Niliona aibu. Kwanza ilikuwa aibu ya kazi, ya fundi aliyesahau kuweka mlango kwenye nyumba. Halafu ndipo uchungu wa mtoto uliponifikia, nikashika ukingo wa sinki na kulia.

Nilipomaliza nilichukua kalamu nyekundu. Nikachora safu mpya mwanzoni kabisa, kabla ya hoteli, nikaandika juu yake: Mwenyeji. Chini yake, Bangkok, Chiang Mai, Krabi, nikaandika mara tatu: Mimi.

Nikaibandua karatasi na kurudi nayo chumbani.

"Nabadilisha tiketi yangu," nilisema. "Naondoka siku moja kabla yenu. Wewe utakuja na mjukuu wako, na kiti cha magurudumu cha uwanjani nishakiomba. Utakapotoka kwenye ule mlango Bangkok, ntakuwa nimesimama. Chiang Mai natangulia kwa ndege ya asubuhi, nyie mnakuja na ya mchana. Krabi vivyo hivyo."

"Three times?" binti yangu aliuliza. "Mum, that's mad."

"Mara tatu."

Akamtazama bibi yake, kisha mimi. "OK. I'll push the wheelchair."

Mama aliivuta karatasi mapajani, juu ya kifurushi, akaifuata safu yangu mpya kwa kidole, kutoka juu hadi chini, kama anavyofuata mistari ya msahafu.

"Na wewe utafikia kwa nani?" aliniuliza.

"Mie nilifika na wewe," nilimwambia. "Siku ile ile. Kwangu ilikuwa siku ya ngazi na chokoleti, sikujua hata kama tumepotea. Mie nishapokelewa zamani."

Akaipanguza miwani kwa upande wa khanga. Ilimchukua muda. "Haya," alisema hatimaye, "mgeni njoo, mwenyeji apone." Halafu akaniambia nichague nguo gani zitoke, kwa sababu kifurushi hakitoki. Tulitoa madira matatu, viatu na chupa nzima ya mafuta ya nazi, na mizani ikaridhika.

Bangkok nilifika kwenye kizuizi saa nzima kabla ndege yao haijatua. Nilikuwa nimesimama katikati ya madereva wa hoteli wenye vibao vya majina, na mimi nikiwa na changu, kadibodi iliyoandikwa MAMA kwa herufi kubwa. Dereva mmoja aliisoma, akatabasamu, akanisogezea nafasi ya mbele. Mlango ukaanza kufunguka. Walitoka wanafunzi, wakatoka wanandoa, wakatoka wazee wenye kofia za jua, na kila ulipofunguka nilihisi uso wangu mwenyewe unafanya kile kile alichokisema mama: unafurahi, unaona si yeye, unamwacha mtu na kutazama nyuma yake. Nilijaribu kuuzuia na sikuweza. Basi nikawa namtolea kila anayetoka tabasamu la pili, la yeye mwenyewe. Wengine walishangaa, wengine waliitikia.

Halafu nikakiona kiti cha magurudumu. Mama alikuwa amevaa buibui lake la harusini, kifurushi mapajani, na alikuwa amekikazia macho kile kifurushi, hamtazami mtu. Binti yangu akainama akamnong'oneza kitu sikioni. Mama akainua uso.

"Hodi," alisema, pale pale mlangoni, mbali kama hatua ishirini.

"Karibu!" nilisema. "Karibu mama, karibu!" Na nilisema kwa sauti mpaka mstari mzima wa madereva ukageuka.

Walipofika kwenye kizuizi hakunikumbatia kwanza. Alinikabidhi mzigo, kama inavyopasa mgeni afanye, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Kwenye ile plasta nyeupe, kwa kalamu yangu nyekundu ya ngazi na vyoo, alikuwa ameandika jina langu.